Mwaka mmoja na huduma ya kukagua mitungi ya kuzimia moto katika nyumba ya kupangisha

Nina jengo la ghorofa mbili huko Tabata, Dar es Salaam, ambalo ukihesabu na sakafu ya chini linakaa familia tisa za wapangaji. Kwa mwaka mmoja sasa, kazi ya kukagua, kujaza na kutengeneza vifaa vya kuzimia moto vya jengo hilo imekuwa mikononi mwa kampuni moja ya hapa jijini, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya wenye nyumba wenzangu wanaofikiria kuingia mkataba wa namna hiyo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko mawili ambayo bado tunayazungumza, na si haki kumtangaza mtu kabla hujamaliza kusemezana naye.

Kabla yao nilikuwa na fundi niliyemrithi pamoja na jengo lenyewe kutoka kwa marehemu baba yangu. Fundi huyo alikuja kila Januari, akapita sakafu zote tatu kwa muda usiofika nusu saa, akabandika stika mpya yenye mwaka mpya juu ya kila mtungi, akapokea fedha zake na kuondoka. Mimi niliziona stika, nikaona mshale wa geji umesimama kwenye rangi ya kijani, nikaridhika. Hivyo ndivyo wenye nyumba wengi tunavyoishi, na ninasema hivyo bila kumlaumu mtu mwingine yeyote kabla ya kujilaumu mwenyewe.

Siku ya kwanza, fundi wa kampuni hii mpya, kijana wa miaka kama ishirini na mitano hivi, aliniamkia, akatoa mzani wake, akaomba magazeti ya zamani, kisha akaushusha mtungi wa sakafu ya kwanza, ule wa unga mkavu wa kilo 6. Akaanza kubandua stika. Chini ya stika ya mwaka ule kulikuwa na nyingine, na chini ya hiyo nyingine, mpaka tukafika ya nne, na hakuna hata moja iliyoandikwa ni lini mtungi ulifunguliwa ndani. Akaniambia, "Mama, huu tuufungue kabla sijakwambia lolote." Aliugeuza kichwa chini, akaminya mkono polepole ili presha itoke bila unga, akasubiri mshale urudi kwenye sifuri, ndipo akafungua kichwa chake na kuumimina juu ya gazeti. Kilichotoka mwanzo kilikuwa unga laini wa rangi ya manjano hafifu, kiasi cha vikombe viwili, kisha hakikutoka kitu. Ilibidi agonge ubavu wa mtungi kwa nyundo ya mpira, na hapo yakaanguka mabonge makubwa kama ya saruji iliyonyeshewa mvua. Mshale ulikuwa kwenye kijani muda wote huo. Geji hupima presha ya gesi peke yake, na unga ulioganda chini kwa unyevu wa miaka mingi hauuonyeshi hata kidogo, hivyo mpangaji ambaye angeukimbilia mtungi ule usiku wa moto angepata mvumo wa hewa na vumbi kidogo, basi. Katika mitungi sita niliyokuwa nayo, mitatu ilikuwa katika hali hiyo.

Mtungi wa gesi ya kabonidioksidi, ambao hukaa chini ya ngazi karibu na mita za LUKU, hauna geji kabisa, na njia ya kujua kama umejaa ni kuupima uzito na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye shingo yake. Fundi wa zamani hakuwahi kuja na mzani hata siku moja. Kwa hiyo ukitaka kumjua mkaguzi kabla hajaanza kazi, angalia kama amebeba mzani.

Upande wa sheria, kampuni hii ilinieleza mambo kwa utulivu na bila kunitisha, jambo ambalo si la kawaida katika biashara hii, maana wapo wanaouza mitungi kwa kutishia watu faini. Hapa kwetu msingi ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za ukaguzi na vyeti za mwaka 2008, na mwenye mamlaka ya kukagua jengo na kutoa cheti ni Jeshi lenyewe. Kampuni binafsi inayojaza mitungi haiwezi kukupa cheti hicho, hata karatasi yake iwe na mhuri wa kupendeza namna gani, na vijana hawa walilisema hilo wenyewe kabla sijauliza. Walibandika pia namba ya dharura 114 kwenye kila sakafu, kwa herufi kubwa, na chini yake wakaandika namna ya kulielekeza gari la zimamoto kufika kwetu, kwa kuanzia barabara ya lami na kutaja msikiti na duka la dawa. Mtu aliyechanganyikiwa kwa hofu hakumbuki kueleza mitaa yetu isiyo na namba, na maelezo hayo mafupi ukutani nimeyathamini kuliko vifaa kadhaa vya bei kubwa.

Sasa nije kwenye malalamiko. La kwanza ni zito. Mitungi ile mitatu iliyoganda waliichukua kwenda kuijaza karakanani kwao, na kwa siku sita jengo lilibaki na mitungi mitatu tu, huku sakafu ya juu, yenye familia tatu na watoto saba, ikiwa haina hata mmoja. Nilipopiga simu siku ya pili niliambiwa kwamba mitungi ya akiba ya kuazimisha wateja ipo, lakini yote iko kwa watu wengine. Kampuni inayofanya kazi hii inajua vizuri kuliko mimi kwamba moto hausubiri karakana, na kwamba mtungi hauondolewi ukutani kabla mwingine haujatundikwa mahali pake. Siku hizo sita sikulala vizuri, na bado naona kwamba nilistahili kuombwa radhi kwa maandishi.

La pili linahusu kengele za moshi. Kengele hizi nilizitaka mwenyewe, baada ya mdogo wangu anayeishi Uingereza kunisimulia kwamba tangu mwaka 2015 mwenye nyumba wa huko analazimika kuweka angalau kengele moja ya moshi katika kila sakafu yenye makazi, na kuhakikisha inafanya kazi siku ile ile mpangaji mpya anapoanza kukaa. Sheria hiyo hainihusu, lakini utaratibu wake niliupenda, nikauiga. Fundi alifunga kengele nzuri kwenye korido na juu ya ngazi, katikati ya dari kama inavyotakiwa, isipokuwa ya sakafu ya chini, ambayo aliifunga hatua mbili kutoka mlango wa jiko la mama mmoja anayekaanga maandazi ya biashara kila alfajiri. Kengele ikalia kila siku saa kumi na moja, na baada ya wiki moja nikakuta betri imetolewa na kuwekwa juu ya kabati. Mpangaji simlaumu. Kifaa kikifungwa mahali kinapowasumbua watu, watu watakizima, na kosa ni la aliyekifunga. Ilichukua simu nne na zaidi ya mwezi mzima kabla hawajarudi kuihamisha, kazi ambayo, walipofika, iliwachukua dakika kumi.

Walichonifurahisha kuliko vyote ni mafunzo. Jumamosi moja alasiri walikuja na debe, kuni na dizeli kidogo, wakawasha moto katikati ya uwanja, na mafunzo yakaanza na akina baba na akina mama wenye mikataba ya pango. Nikamwambia kiongozi wao, "Mwanangu, hawa unaowaona hapa saa nne ya asubuhi hawapo nyumbani, wapo kazini. Wanaobaki ni dada wa kazi, bibi wa chumba cha tatu na watoto." Alisita, kisha akawaomba watu wazima wakae pembeni, akawaita akina dada wanne. Mmoja wao, binti mwembamba aliyefika mjini miezi miwili kabla, alishindwa kuuinua mtungi wa kilo 6, ambao ukijazwa unakaribia kilo 9 pamoja na chuma chake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tumeutundika juu mno. Akaonyeshwa auweke chini, avute pini, aelekeze mpira kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, ndipo aminye huku akiupeleka huku na huku. Akaminya, na moto ukazima. Unga uliisha kwa muda usiofika sekunde ishirini, na watu wote walinyamaza, kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba kitu kizito kiasi kile huisha upesi hivyo. Mtungi uliominywa hata mara moja, tuliambiwa, lazima ujazwe upya, kwa kuwa unga hunasa kwenye vali na presha huvuja kidogokidogo mpaka ikaisha. Walieleza pia kwamba mafuta ya kikaango yakishika moto hayamwagiwi maji, kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutanda sakafuni, na kwamba mtu akisikia harufu yake asiguse swichi yoyote. Kesho yake niliishusha mitungi yote kufikia usawa wa kiuno.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye mkataba wao, na nashukuru walilisema. Wakati wa kuondoka, yule kijana aliutazama mlango wa nyuma, ambao mlinzi huufunga kwa kufuli kila saa tano usiku na kwenda na ufunguo kibandani kwake, kisha akayatazama madirisha yangu yenye nondo kila upande, akaniuliza watu tisini wakiamshwa na moshi watapitia wapi. Hawafiki tisini, lakini swali nililielewa. Mlango ule sasa una kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo, na katika kila nyumba dirisha moja la chumba cha kulala limewekewa nondo za bawaba. Gharama hizo zilizidi zile za mitungi yote, na nimezibeba mimi bila kuongeza kodi, kwa sababu mlango na dirisha ni mali yangu na si za mpangaji.

Kuhusu bei, kujaza upya kulinigharimu chini ya nusu ya bei ya mtungi mpya wa aina hiyo hiyo, na risiti ya EFD walinipa papo hapo. Ukaguzi ni wa kila miezi sita, na kila mtungi sasa una kadi yenye tarehe ya kufunguliwa, uzito na saini ya fundi, wala stika haibandikwi juu ya nyingine.

Nimehuisha mkataba kwa mwaka wa pili, nikiwa nimeongeza vipengele viwili kwa maandishi: kwamba hakuna mtungi utakaotoka getini bila mwingine uliojaa kuachwa mahali pake, na kwamba hitilafu ya kengele itashughulikiwa ndani ya siku tatu. Walisaini cha kwanza bila ubishi. Cha pili wameomba kiwe siku saba, na mpaka ninapoandika hapa sijakubali.