Data ya nyumbani inayohamia mwezi ujao: uzoefu wangu

Mtoa huduma wangu wa intaneti ya nyumbani alipotangaza kwamba data ambayo haijatumika itahamia mwezi unaofuata, nilijiunga bila kusitasita. Matumizi yetu hapa nyumbani hayatabiriki. Kuna mwezi kila mtu yuko kazini au shuleni na ruta inakaa tu ikiwaka taa, halafu inakuja likizo ya shule na televisheni haizimwi. Kwa mujibu wa Netflix wenyewe, saa moja ya video ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Piga hesabu ya watoto wawili, kila mmoja na skrini yake, uone kifurushi kinavyoyeyuka.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Salio lilihama lenyewe, sikulazimika kubonyeza kitu wala kumpigia mtu simu. Mwezi wa likizo ulipofika, data ya akiba ilitubeba mpaka mwisho, na kasi haikushushwa kama ilivyokuwa ikitokea zamani tulipomaliza kifurushi mapema. Kwa hilo nawapongeza.

Tatizo limejificha kwenye swali ambalo matangazo hayaligusi: ni data ipi inayoanza kutumika, ya zamani au mpya? Chukua mfano wa kifurushi cha GB 200 kwa mwezi. Umebakiwa na GB 60, zimehamia, sasa una GB 260. Mwezi huo unatumia GB 180. Kama ya zamani ndiyo inayotangulia, zile 60 zinaisha kwanza, unachota 120 kwenye mpya, na unabakiwa na GB 80 za kupeleka mbele. Kama mpya ndiyo inayotangulia, unabakiwa na GB 20 mpya, na zile 60 zinakufa bila kuguswa kwa sababu muda wake ulikuwa mwezi mmoja tu. Mtu ni yuleyule na matumizi ni yaleyale, lakini mmoja ana 80 na mwingine 20.

Wa kwangu anaanza na mpya. Imeandikwa, tena kwa herufi ndogo, kwenye masharti. Kwa hiyo data iliyohama inakufaa pale tu unapovuka kifurushi cha mwezi husika. Ukiwa mtumiaji wa wastani, kila mwezi utaiona ikiingia, na kila mwezi itatoka bila kukusaidia chochote. Mimi nimeizoea kama akiba ya dharura, basi, na siihesabu kabisa ninapopanga matumizi.

Yapo masharti mengine. Lazima ulipie kabla kifurushi cha zamani hakijaisha muda. Ukichelewa, salio limekwenda. Ukihamia kifurushi kidogo zaidi, vilevile. Data ya zawadi au ya ofa haihami. Haya naweza kuishi nayo. Kinachoniudhi ni programu yao ya simu, inayoonyesha jumla moja tu: GB kadhaa zimebaki. Ngapi ni za zamani, ngapi mpya, zipi zinakufa lini, hujui. Niliwauliza huduma kwa wateja, wakanitumia masharti yaleyale.

Sasa, kuna wanaosema tushukuru, kwamba kuhamisha data ni hisani. Hapo sikubali. Data si maji yanayokaa kwenye tangi yakisubiri mnywaji. Gharama kubwa ya mtandao ni kuujenga uweze kuhimili saa za jioni, watu wote wanapoingia kwa pamoja. GB unayopakua saa tisa usiku haimgharimu mtoa huduma karibu chochote. Hofu yao ya kweli ni kwamba wateja wengi watakusanya akiba na kuitumia wote wakati uleule wa msongamano, na hiyo naielewa, lakini kikomo cha mwezi mmoja tayari kinaizuia. Kampuni za simu ziliyapitia haya kitambo: T-Mobile ya Marekani ilitangaza mpango wa namna hii Desemba 2014, AT&T ikafuata Januari 2015, na Oktoba mwaka huohuo kampuni kubwa za simu za China zikaanza baada ya serikali kuzibana.

Kama unatumia kifurushi kisicho na kikomo, haya yote hayakuhusu. Kama matumizi yako yanalingana mwezi hadi mwezi, tafuta kifurushi kinachokutosha na usilipe zaidi kwa ajili ya kipengele hiki. Kitakufaa kama nyumba yako ni kama yangu, yenye miezi ya ukame na miezi ya mafuriko. Na kabla ya kulipa, waulize kwa maandishi data ipi inatangulia.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakianza kutumia data ya zamani kwanza, nitaongeza ya nne. Ya tano waisubiri hadi programu yao itakaponionyesha tarehe ya kuisha ya kila salio.