Kadi ya basi ya mwezi: uzoefu wangu, mazuri yake na kasoro moja

Kadi ya basi ya mwezi ndiyo inayonipeleka kazini na kunirudisha, na nimeitumia vya kutosha kuweza kuisema. Unalipa mara moja, unapanda utakavyo mpaka mwezi uishe. Habari ya kutafuta chenji mlangoni unaisahau. Kwa anayesafiri asubuhi na jioni inalipa. Anayetoka siku mojamoja abaki na kadi ya kuongeza salio. Kwa urahisi wake sina neno.

Ila kuna kitu ambacho kampuni haikutangaza, nacho ni watu unaopanda nao.

Asubuhi moja mashine iliikataa kadi yangu. Taa nyekundu, na ule mlio unaolitangazia basi zima. Nikaifuta kwenye shati, nikaigusisha tena: nyekundu. Nje mvua, foleni imenibana mgongoni. Ghafla mkono ukapita juu ya bega langu, kadi ya mtu ikagusa mashine, taa ikawa kijani. "Pita dada, tunalowa huku," akasema, kisha akajigusishia mwenyewe. Nilipogeuka kumshukuru, alishavaa visikilizio, anatazama dirishani. Kilichonifurahisha kuliko nauli yenyewe ni kwamba hakunifanya nijione nimesaidiwa.

Wema wa kwenye basi mwingi uko hivyo, wa haraka na usio na maneno. Aliyekaa anampokea aliyesimama begi na kulipakata. Aliyeshika bomba anasogeza mkono mtoto apate pa kujishikia. Mtu anakugusa bega, anakuonyesha zipu iliyo wazi. Mimi nimewahi kuamshwa na jirani wa siti nilipopitiwa na usingizi, kwa kuwa alishazoea kuniona nikishuka kituo kile. Mpaka leo hatujaulizana majina.

Kuzungumza je? Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 utafiti uliohusu abiria wa Chicago. Walioombwa waongee na mtu wasiyemjua waliifurahia safari kuliko walioombwa wakae peke yao, ingawa abiria walipotakiwa kubashiri walibashiri kinyume chake. Nayaamini matokeo yao, lakini saa kumi na mbili asubuhi mtu asinisemeshe.

Siti za wazee, wajawazito na wagonjwa ndizo zinazonikera. Kibandiko kipo, na aliyekaa chini yake kainamia simu. Si wote wana roho mbaya. Maradhi mengine hayaonekani, na kumwomba mgeni akupishe kunahitaji uso mkavu. London, mamlaka ya usafiri ilianza mwaka 2017 kutoa beji kwa wenye shida za namna hiyo, mtu anaivaa na kuombewa siti nayo bila kujieleza hali yake mbele za watu. Kwenye mabasi yetu sijaona kitu kama hicho.

Sasa kasoro ya kadi. Ukishaigusisha, mashine haiipokei tena mpaka muda fulani upite, ili watu wasipokezane kadi moja. Ndiyo kusema yule wa siku ya mvua alikuwa na kadi ya salio. Yangu isingeweza kumfanyia mtu vile. Nimeyaona juzi: mwanafunzi aliyekuwa nyuma yangu kaishiwa salio, nikamgusishia ya kwangu, nyekundu! Bahati nzuri dereva alimpungia mkono apite.

Naelewa wanaogopa kuibiwa nauli. Lakini mimi niliyelipa mwezi mzima ndiye nisiyeweza kumlipia mtu safari moja, na imebidi ninunue kadi ya pili ya salio, inakaa mfuko wa mbele wa begi. Nawapa nyota nne. Wakiweka ndani ya kadi ya mwezi hata safari mbili za kumlipia mwenzako, nitaongeza ya tano.