Uzoefu wangu: jioni ya kuiga The Lion King hapa Kisumu

Kwa wanaoniuliza kama ile jioni ya vichekesho vya The Lion King inastahili pesa: inastahili. Nawapa nyota nne kati ya tano, na nitaeleza ya tano ilipotelea wapi. Vikundi vya vijana wa Kisumu, pamoja na kimoja kilichotoka Nakuru, huonyesha vipande vyao vya kuiga ile filamu ya katuni ya 1994 ambayo kila nyumba yenye watoto inaijua. Kiingilio ni shilingi 300 kwa mtu mzima na 150 kwa mtoto, unalipa kwa M-Pesa mlangoni. Nilienda na wanangu, mtoto wa dada yangu, na mama mkwe ambaye hajawahi kulipia filamu maishani mwake.

Ukumbi una projekta, kitambaa cheupe ukutani, spika kubwa, na meza ya watia sauti pembeni, kwa hiyo unawaona wakifanya kazi. Vipande vingine ni picha za filamu yenyewe zilizozimwa sauti, na vijana wanazungumza juu yake papo hapo, kwa desturi ile iliyompa DJ Afro jina kwenye vibanda vya video kote nchini. Vingine wamevipiga wenyewe kwa simu, wamejipaka rangi usoni na kuvaa mikia ya kamba ya katani. Usicheke mikia hiyo kabla hujaona wanachofanya nayo.

Kipande kilichonisukuma kuandika haya ni cha mazishi ya Mufasa, yule simba mfalme. Kumbuka filamu inavyokwenda. Baba anakanyagwa na nyumbu bondeni, mtoto anakimbizwa, Scar anawahutubia majike usiku, fisi wanaingia, basi, hadithi inasonga. Hakuna matanga. Hakuna kaburi. Hakuna hata mmoja anayeuliza mwili uko wapi. Ukiwa umelelewa upande huu wa nchi, jambo hilo limekukera tangu utotoni hata kama hukuwahi kulitamka. Mfalme mzima! Hawa vijana wamelitamka.

Wanaanza na tangazo la kifo redioni, kwa ile sauti nzito ya kuburuta tunayoijua sote. Kwa masikitiko makubwa, mume wa Sarabi, kaka ya Scar, baba ya Simba ambaye hajulikani aliko, mwajiri wa Zazu. Habari ziwafikie twiga wote, tembo wote, na pundamilia popote walipo, wanaombwa kufika nyumbani kwa marehemu bila kukosa. Kisha kimya kidogo, halafu Zazu, yule ndege mjumbe wa mfalme, anasoma jibu la pundamilia: wanatoa pole nyingi, ila hawataweza kufika nyumbani kwa simba, watatuma mchango kwa simu. Ukumbi ulipasuka.

Halafu kamati ya mazishi inakaa. Scar ndiye mwekahazina. Bajeti inasomwa mstari kwa mstari: hema, viti, jenereta, fahali wa kuchinjwa, na zabuni ya chakula wamepewa fisi. Sarabi anauliza kwa upole mbona kuna mafuta ya magari manne na hakuna simba mwenye gari. Scar anamjibu kwamba swali hilo lipelekwe kwenye kamati ndogo. Kamati ndogo ni fisi Shenzi na wenzake wawili.

Nimekitafakari sana kipande hiki, na naona nguvu yake iko hapa: Scar hakubadilishwa. Katika filamu ni yule anayeula ufalme mpaka ardhi ikauke. Humu anaanza na pesa za rambirambi. Ni mtu yuleyule, na kila aliyewahi kuchangia mazishi anamjua kwa jina lingine. Waliokitunga wameitazama filamu kwa upendo mpaka wakaona mahali iliporuka, wakaingia hapohapo. Mama mkwe, aliyekaa kwenye kamati nyingi kweli, alicheka hadi akavua miwani. Baadaye akaniuliza, kwa uzito, kama kwenye filamu ya kweli walimzika. Nikamwambia hapana, Mama, haionyeshwi.

“Basi ndiyo sababu nchi ilikauka,” akasema.

Kikundi hichohicho kina kipande cha Simba kurudi nyumbani akiwa mkubwa. Anafika na Nala, kifua mbele, tayari kupigana. Wazee wanamsimamisha langoni na kumuuliza simba yake iko wapi, yaani ile nyumba ndogo ya kijana kwa Wajaluo, maana kijana aliyebalehe hawezi kuja kulala chini ya paa la mama yake. Vita vinaahirishwa. Dakika zinazofuata ni za Simba kukata miti na kukanda udongo, huku Scar akiketi kivulini na kumkosoa jinsi anavyosimamisha nguzo. Wasio Wajaluo ukumbini walielezwa na majirani zao, nao wakacheka kwa kuchelewa, na kicheko hicho cha pili kilikuwa kitamu kama cha kwanza.

Kipande cha kumbikumbi ni kifupi. Katika filamu, Timon na Pumbaa wanamfundisha Simba kula wadudu, na tukio limetengenezwa ili mtoto wa huko Marekani akunje uso. Lakini huku kwetu kumbikumbi wakitoka baada ya mvua watu hukimbia na mabeseni, hukaangwa na kuliwa na ugali. Kwa hiyo vijana wamegeuza: Timon na Pumbaa ni wauzaji sokoni Kibuye. Pumbaa anapima kwa gorogoro, Timon anapepeta mabawa, na mwanamfalme wa simba hana hata shilingi. Anaomba nyongeza kabla hajanunua. Hakuna aliyekunja uso ukumbini. Mtoto wa dada yangu aliomba tupitie sokoni wakati wa kurudi.

Kikundi cha Nakuru nacho kilikuja na jambo ambalo naamini wengi hawakulijua. Novemba 1991 baadhi ya wakuu wa utengenezaji wa filamu hii, akiwemo Roger Allers, aliyeielekeza pamoja na Rob Minkoff, walizuru mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha ili kuyasoma mazingira. Sasa, pale jirani ndipo Olkaria, penye visima vya mvuke unaozalisha umeme. Na makaburi ya tembo wanakoishi fisi kwenye filamu yamejaa mvuke unaofoka ardhini. Vijana wa Nakuru wameunganisha haya mawili na kuuliza swali moja tu: ikiwa fisi wanalala juu ya mvuke, mbona hawana stima? Shenzi anaongoza maandamano na kibatari mkononi. Mufasa anatuma Zazu, ambaye wamemfanya mwenyekiti wa Nyumba Kumi, aende akatulize hali, naye anawaambia fisi kwamba nguzo ziko njiani. Kwa mara ya kwanza nikawahurumia fisi. Ningependa kipande hiki kirefushwe. Kinakatika Simba mdogo anapofika makaburini, na hapo ndipo palikuwa pakinoga, mtoto wa mkubwa uso kwa uso na waliokosa.

Neno kuhusu picha wanazochagua. Vipande vilivyotumia filamu ya 1994 vilichekesha kuliko vilivyotumia ile ya 2019 ya Jon Favreau, na nadhani najua kwa nini. Katuni iliyochorwa kwa mkono ina nyusi, midomo na mabega yanayocheza. Scar akiinua unyusi mmoja wakati Sarabi anauliza habari ya mafuta, sauti na uso vinakutana. Wanyama wa 2019 wametengenezwa wafanane na wanyama halisi, na uso wa simba halisi hauonyeshi mengi. Kumtia sauti ni rahisi, kwa kuwa mdomo wake hausogei sana, lakini maneno yanabaki yakielea peke yake. Kikundi kimoja kilijaribu kumpa Mufasa wa 2019 maneno ya mwalimu mkuu siku ya matokeo. Maneno yalikuwa mazuri kabisa. Uso haukusaidia.

Sasa nyota iliyopotea. Kuna kipande cha mbio za nyumbu ambapo nyumbu ni bodaboda wa mzunguko wa Kondele. Katika filamu mbio hizo ni za dakika 2 na nusu, na wataalamu walizifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 2, kwa kompyuta. Hawa vijana wamepiga yao kwa simu wakiwa juu ya paa, saa ya jioni pikipiki zinapomiminika, na kuna mahali vumbi linapanda na taa zote zinageuka kwako kwa pamoja hadi nikashika kiti. Kwa macho, ndicho kipande bora cha jioni nzima. Kwa masikio, siwezi kukirudia mbele ya mama mkwe. Matusi matupu, kutoka mwanzo hadi mwisho, ya sehemu za mwili. Tangazo lilisema familia nzima inakaribishwa. Bodi ya kuainisha filamu ina alama zake, GE kwa wote, PG, 16 na 18, na wazazi tunazitegemea. Waandaaji wangeweza kukiweka mwisho, watoto wakishatoka, au kukitia sauti upya. Mkazo ule wote uliopigwa picha vizuri hauhitaji tusi hata moja.

Kile cha fisi wanaoongea kwa lafudhi za makabila nakipita haraka. Lafudhi ndiyo ilikuwa utani wote. Ukishaisikia mara moja umemaliza, na wao waliendelea.

Kuhusu huduma: walichelewa kuanza karibu saa nzima, na hakuna aliyesimama kutuomba radhi. Viti ni vya plastiki, njooni na leso ya kukalia. Choo kilikuwa safi. Njugu na soda zinauzwa ndani kwa bei ya kawaida ya dukani, jambo ambalo nawashukuru kwa dhati, kwa sababu mwenye watoto anajua anavyokamuliwa kwingine. Sauti ya spika za mbele ni kali, kaeni safu za katikati, upande wa meza ya watia sauti. Yule binti anayemtia sauti Sarabi anafanya kazi kwa macho yaliyofumba, na ni raha kumtazama.

Kabla ya kuondoka niliuliza kama naweza kununua kipande cha mazishi kwenye flashi. Walikataa. Wanauza tu vile walivyopiga wenyewe, kwa sababu picha za filamu si mali yao, na niliwaheshimu kwa hilo. Nilinunua kwa shilingi 100 kile walichopiga Kit Mikayi, lile jabali la Seme kwenye barabara ya Bondo. Kinaonyesha Mufasa akienda kufungua boma jipya kwa desturi, mtoto wa kwanza amebeba shoka, na kinachoinuliwa juu ya jabali jua likichomoza ni jogoo. Wanangu wanakitazama tena na tena. Cha mazishi itabidi uende ukumbini, na ukienda na watoto, muulize kijana wa mlangoni cha bodaboda kinaanza saa ngapi ili wakati huo muwe nje mkinunua njugu.