Gari la Dizeli Nairobi: Chagua Nozeli na Ekzosi Kwanza

Kama safari zako ni Rongai hadi mjini na kurudi, ukitambaa kwenye foleni, nunua la petroli tu. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, mafundi huliita DPF, nalo hujisafisha kwa joto la mwendo wa barabara kuu. Joto lisipofika, nozeli huongeza dizeli ili masizi yaungue, na sehemu ya dizeli hiyo huishia kwenye oili.

Anayekwenda Nakuru au Meru mara kwa mara, ningempangia hivi.

Ya kwanza ni Prado ya 2.8 kutoka Japani, injini ya 1GD. Hutumia maji ya yurea, AdBlue, kupunguza gesi za nitrojeni kwenye moshi. Yakiisha, ukizima gari haliwaki tena, kwa hiyo tembea na dumu kwenye buti. Bei yake inauma.

Ya pili ni Mazda CX-5 ya 2.2. Mazda walishusha mgandamizo hadi karibu 14 kwa 1, wakatimiza Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, bila yurea. Mimi ndiyo ninayoipenda, ila foleni huiumiza vibaya. Chomoa kijiti cha oili: juu ya F, alama ya oili iliyojaa, kuna alama ya X. Oili ikikaribia X na inanuka dizeli, mrudishie mwenyewe ufunguo.

Ya tatu ni Hilux au Prado ya injini ya 1KD iliyouzwa hapa nchini. Sheria inayokataza kuagiza gari lililozidi miaka minane imeifungia njia, hivyo utainunua kwa mtu, na ugonjwa wake ni nozeli. Usilipe kabla fundi wa pampu hajaunganisha chupa kwenye mipira inayorudisha dizeli. Chupa inayojaa upesi kuliko wenzake, nozeli yake imekwisha. Nozeli mpya huja na namba yake maalumu ya kuingizwa kwenye kompyuta ya gari; fundi wa Kirinyaga Road akisema si lazima, tafuta mwingine.

Injini za pampu ya zamani kama 1KZ huvumilia mengi, ila moshi wake ni mzito.

Zote huchukia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Salfa nayo ilishushwa hapa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, wakati Euro 6 imepangiwa 10.

Muuzaji wa CX-5 au 1GD akisema chujio lipo, ingiza kidole kwenye bomba la ekzosi likiwa limepoa. Kikitoka cheusi tii, chujio limetobolewa au limepasuka, mwambie ashushe bei.