Uzoefu wangu: riwaya tatu za ufukweni na upepo wa Kigamboni

Mimi si msomaji wa vitabu vizito. Nashinda na mahesabu ya watu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi mchana, nikifika nyumbani macho hayataki tena kuona maandishi. Kwa hiyo Desemba shoga yangu aliposema twende tukapumzike Kigamboni siku tatu, kila mtu na kitabu chake na simu zikae kwenye begi, nilicheka. Halafu nikapita mjini kwenye meza ya vitabu vya mtumba, nikamwambia muuzaji nataka hadithi za urafiki, za kusomea ufukweni, zisiniumize kichwa. Wala hakuuliza zaidi. Akachomoa tatu, akataka 15,000, nikambembeleza tukaachana na 12,000.

Majalada yake unayajua ukiwa ng'ambo ya barabara: maji ya buluu, kiti cha mbao, kofia ya ukili, mwanamke katupa mgongo. Zote za Kimarekani, na mbili kati yake zinatokea Nantucket, kisiwa cha jimbo la Massachusetts kilicho kama kilomita 48 kutoka bara. Hadithi inaanza mtu akishuka melini na masanduku, marafiki wa chuo wanamsubiri gatini, na mmoja wao ana siri. Siri lazima iwepo.

Ya kwanza niliianzia kwenye foleni ya magari pale Magogoni. Meli ya kawaida ya kwenda Nantucket inachukua zaidi ya saa mbili; pantoni letu linavuka kwa dakika chache tu, ila foleni ya siku zile za kati ya Krismasi na mwaka mpya ilinimalizia sura nne. Kuna aliyesema tungezungukia darajani Kurasini. Sikumjibu, nilikuwa nataka kujua mume wa yule dada kaenda wapi.

Hapo ndipo penye sifa ya vitabu hivi. Sura ni fupi, Kiingereza chake hakikupeleki kwenye kamusi kila mstari, na ukikatizwa na muuza karanga unarudi ulipoachia bila kupotea. Kitu kingine nilichokuja kukiona ni kwamba vyote vinakimbizana na tarehe. Kiangazi cha Wamarekani kinahesabiwa kimeisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu yao ya wafanyakazi. Baada ya hapo watu wanafunga nyumba za ufukweni, wanarudi kazini na shuleni. Kwa hiyo aliyekosana na mwenzake ana wiki chache tu za kuomba radhi kabla meli haijamrudisha bara. Sisi wa Dar, ambao jua letu la Desemba hadi Februari halimfukuzi mtu ufukweni, tunaweza kununiana mwaka mzima bila haraka.

Sasa malalamiko. Katika riwaya mbili za mwanzo marafiki wanagombana kwa sababu ya mwanaume, au kwa jambo lililofichwa miaka ishirini. Sawa, yapo. Lakini hakuna hata mmoja anayemdai mwenzake! Nyumba ya vyumba sita mbele ya bahari, chakula kinatokea mezani, na hela haitajwi. Mimi urafiki niliouona ukivunjika kwa macho yangu ulivunjikia kwenye mchezo wa kuchangiana hela kila wiki: mmoja kapokea zamu ya kwanza, kisha kaacha kutoa. Mwingine ulivunjikia kwenye sare ya harusi, kitenge kilichokopwa hakikulipwa mpaka leo. Riwaya ya tatu ndiyo pekee iliyothubutu. Marafiki wawili wamerithi nyumba pamoja, paa linavuja, na mmoja hana pesa ya fundi. Kuna ukurasa wanakaa jikoni na risiti zao, wanapiga hesabu, hakuna anayeinua sauti, na kila mmoja anajua urafiki unaishia kwenye ile karatasi. Niliweka kitabu kifuani nikaangalia bahari kidogo. Hicho nakipa nyota tano. Vile vingine tatu tatu, kwa ajili ya foleni.

Natamani ya namna hii ingekuwepo ya Kiswahili, wanawake wanne na mchezo wao, kitabu kamili cha kushika mkononi. Hadithi nyepesi za Kiswahili nyingi ninazokutana nazo ni za WhatsApp, zinakufikisha sehemu ya 14 mtu yuko mlangoni na kisu, halafu unaambiwa tuma elfu moja upate sehemu ya 15.

Nawaonya kuhusu jambo moja. Vitabu hivi vya jalada laini vimeshikizwa kwa gundi mgongoni, havikushonwa. Mimi cha pili nilikiacha mbele ya kioo cha gari siku nzima juani. Kesho yake nakifungua chini ya mnazi, mgongo ukalia kakara, karatasi zikaanza kuachia moja moja. Kaskazi nayo haikungoja. Nilikimbiza kurasa nikiwa na kanga moja, mtoto wa watu akanisaidia kuokota nne, na yule aliyekuwa akituchomea samaki akaniletea moja ina alama ya kidole cha mafuta. Sura mbili za mwisho zilienda na maji. Kwa hiyo kiwekeni kwenye begi, kivulini. Simu nayo si jibu, kwenye jua lile kioo kinageuka cha kujitazamia.

Bahati nzuri shoga yangu alikuwa ameshakimaliza kabla yangu. Tulipokuwa tunarudi, tumesimama pembeni ya pantoni, akanisimulia mwisho wote. Yule mwenye siri anaumwa, wenzake wanagundua, wanahamia kwake kwa zamu, mmoja anampikia na mwingine anamsuka, na anapona. Nilitokwa na machozi mbele ya abiria, mama mmoja akanipa pole akidhani tumefiwa.

Wiki iliyopita nimenunua nakala ya kwenye simu, nijisomee mwenyewe zile sura mbili. Dada wa watu haponi. Wala hawahami, wanapeana zamu za kupiga simu. Nikampigia shoga yangu usiku uleule kumuuliza kwa nini alinidanganya. Akacheka sana.

"We ulikuwa unalia kwa kanga iliyolowa na hela ya kitabu imeenda na maji," akasema. "Ningekuambia amekufa, ningekuvusha vipi?"