Suruali ya mvua ya pikipiki: kagua msamba kabla hujatoa hela

Nilikuwa nimebakiza kona tatu au nne kufika juu ya mlima nilipohisi baridi ya kwanza, pale pale nilipokalia. Shingo kavu, mikono mikavu, kifua kikavu. Baada ya muda mfupi suruali ya ndani ilikuwa imelowa mpaka magotini, na nilipoegesha pikipiki na kuketi kwenye benchi kusubiri ukungu upite, niliinuka nikaacha alama ya maji kama mtoto wa chekechea. Suruali ya mvua yenyewe ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke dukani, na lebo yake inajigamba kwa herufi kubwa kwamba haipitishi maji kabisa.

Nikairudisha. Muuzaji akaichungulia, akanichungulia na mimi, kisha akasema kwa sauti ya huruma: "Hilo ni jasho, dada." Jasho! Nyuzijoto chache tu juu ya sifuri, natetemeka mpaka klachi naikosa, halafu nitoe jasho la kujaza soksi.

Nilipokisimulia kisa hicho, wasomaji wakaniletea vyao, na karibu vyote vinaanzia sehemu ileile: msambani. Kwa hiyo leo sina habari ya rangi, mifuko wala vimulimuli vya usiku. Hayo mtu anajionea mwenyewe.

Tazama unavyokaa kwenye pikipiki. Mvua inayokupiga kifuani inateremka na koti, inafika mapajani, na kwa kuwa magoti yako juu na tangi liko mbele, haina pa kwenda. Inafanya dimbwi. Dimbwi hilo linakaa juu ya mshono, nawe unalikandamiza kwa uzito wako, siti inatetemeka, na kila ukiinama kwenye kona unalisaga. Hakuna mahali pengine kwenye nguo yako panapoteswa hivyo.

Sasa geuza suruali yoyote nje ndani, uangalie pale miguu miwili inapokutana. Utaona mishono minne ikija kugongana kwenye nukta moja: wa mbele, wa nyuma, na miwili ya ndani ya mapaja. Sindano imetoboa hapo matundu yasiyo na idadi. Kiwanda hubandika utepe juu yake ili kuziba, lakini kitambaa kilichorundikana kina kinundu, na utepe haulali vizuri juu ya kinundu. Unabaki na kijishimo chembamba kama ncha ya kalamu. Hicho ndicho kinachokulowesha.

Wauzaji watakutajia namba. "Hii ni milimita 10,000!" Maana yake kitambaa kinastahimili nguzo ya maji yenye kimo cha mita 10, na uzito wako ukikaa kwa kawaida haufikii mkandamizo huo. Kwa hiyo namba inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado ukalowa, maana kilichopimwa ni kitambaa, na kinachovuja ni mshono. Mwulize muuzaji mshono umepimwa milimita ngapi, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Tambarare ungeweza kuvumilia. Milimani hapana. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Njia ya Stelvio kule Italia, kwa mfano, inaanza kwenye kimo cha mita 900 hivi upande wa kijiji cha Prato na kuishia mita 2,757, baada ya kona kali 48. Hapo umepoteza kama nyuzi 12 kabla hata mawingu hayajageuka. Weka na upepo: nyuzi 5 ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Na maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa. Mtu aliyelowa mapajani anaanza kuendesha vibaya kabla hajajua kwamba anaendesha vibaya.

Nikipanga kwa ubora, ya kwanza ni suruali ambayo utando wa kuzuia maji umegandishwa moja kwa moja na kitambaa cha nje. Hapa sitajifanya mwamuzi asiye na timu: mimi ni mtu wa Klim. Ni watu wa Idaho, Marekani, walioanza na nguo za pikipiki za theluji, yaani za mtu anayekaa kwenye ubaridi na majimaji kutwa nzima, na nadhani ndiyo sababu wanaelewa makalio. Suruali yao ya Badlands Pro ina Gore-Tex Pro, utando wa kuzuia maji, uliogandishwa na kitambaa cha nje, na yangu imepita mvua ya mawe, jua na mvua tena ndani ya asubuhi moja bila mimi kusimama kubadili nguo. Rukka wa Finland nao ningewavaa bila kunung'unika. Chochote utakachochagua, tafuta kipande cha kitambaa kilichoongezwa msambani, chenye umbo la almasi. Kipande hicho kinaitawanya ile mishono minne isikutane mahali pamoja, na kinakupa nafasi ya kurusha mguu bila kuivuta.

Ya pili ni ovaroli ya mvua, ile ya kuvaa juu ya nguo zako. Haina mwanya kiunoni, na hilo ni jambo kubwa. Ila fuata zipu inaishia wapi. Ikishuka wima mpaka msambani, umenunua mfereji. Chagua yenye zipu ya kukata mshazari kutoka shingoni hadi gotini, yenye kifuniko cha velkro juu yake. Chukua kubwa kuliko saizi yako, kwa sababu ukikunja magoti inavutika, na mshono unaovutwa hufunguka. Kuivaa kando ya barabara kwa mguu mmoja huku upepo unakusukuma ni vituko, lakini utazoea.

Ya tatu, suruali yenye utando wa ndani wa kubandua kwa zipu. Madukani zimejaa hizi na ndizo wauzaji wanazozisifu zaidi. Kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito, halafu mvua ikikatika upepo unakikausha huku kikikunyang'anya joto. Na ule utando ukisubiri mpaka mvua ianze ndipo uuvae, lazima uvue suruali barabarani.

Seti za plastiki za bei ya chini: hazipumui, lakini mshono wake ukiwa umechomwa kwa joto badala ya kushonwa, zinazuia maji kuliko nyingi za ghali. Zikichanika, basi. Poncho ni ya mtembea kwa miguu. Usiipeleke karibu na mnyororo.

Ukifika nayo nyumbani, usikate lebo kwanza. Ilaze suruali juu ya beseni, msamba ubonyee kama bakuli, tandika karatasi ya chooni kavu chini yake, mimina kikombe cha maji na ukandamize kwa ngumi mara kadhaa. Nenda kafanye kazi zako. Ukirudi baada ya nusu saa karatasi itakueleza, nayo haina kamisheni.

Niliyafanya hayo na ile suruali yangu, nikapiga picha ya karatasi iliyolowa, doa la duara lenye ukubwa wa sarafu pale pale mishono inapokutana, nikampelekea muuzaji. Alichonijibu ni kwamba, kwa kuwa nimeimwagia maji, sasa imetumika na haiwezi kurudishwa. Suruali ya mvua. Bado nimeitundika nyuma ya mlango, na kila nikiiona napandwa na hasira upya, hasa nikikumbuka kwamba ya kike ilikuwa na bei ya juu kuliko ya kiume, ilhali nilipozilinganisha, mshono ulikuwa uleule na kilichobadilika ni ua lililotariziwa mfukoni.