Biskuti juu ya meza: nilivyoitazama An Cailín Ciúin

Niliambiwa niandae leso, nikacheka. Filamu ya Kiayalandi, lugha nisiyojua hata salamu yake, tena ya mtoto asiyesema, inilize mimi? Dakika tisini na kitu baadaye majina ya waigizaji yanapita, nami naomba mtu asiwashe taa.

Jina maana yake ni Msichana Mkimya. Mwongozaji ni Colm Bairéad, na mwaka 2023 ilikuwa filamu ya kwanza ya lugha ya Kiayalandi kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu za kimataifa. Kisa ni cha 1981, mashambani. Cáit ana miaka tisa, kwao watoto wengi na mama ni mjamzito, basi anapelekwa akakae kiangazi kwa Eibhlín, jamaa ya mama yake, na mumewe Seán. Tuliowahi kupelekwa kwa shangazi bila kuulizwa tunaijua hali hiyo: unakalia ukingo wa kiti, unangoja uambiwe ule.

Asubuhi ya kwanza mtoto amekojoa kitandani. Eibhlín hamgombezi wala hambembelezi. Analisingizia godoro, eti limechakaa. Hapo koo likaanza kunikaba. Seán naye mwanzoni hata kumtazama hamtazami. Siku moja anamfokea kwa kupotea machoni pake shambani (chanzo cha ukali huo utakijua baadaye, sikuharibii). Halafu anapita jikoni, anaweka biskuti moja mezani, kimya, anatoka zake. Hakuna samahani. Mtoto anaitazama ile biskuti, na mimi nimekwisha.

Picha yenyewe imebanwa, karibu mraba, kama vile nasi tunaona kile tu anachoruhusiwa mtoto kuona. Halafu kuna jambo ambalo nusura linipite kwa kukodolea tafsiri za chini: baba mzazi anaongea Kiingereza, ilhali kule anakopendwa ni Kiayalandi. Sikio linajua uko nyumba ipi kabla ya jicho.

Naipunguzia filamu nusu nyota kwa ajili ya baba huyo. Ni mbaya moja kwa moja, hana hata tone la kumwonea huruma. Na robo saa ya kwanza inakokota, vumilia.

Mwishoni Cáit anakimbia. Neno analotamka baada ya hapo ni moja tu, na nililirudisha nyuma mara tatu nione anamwambia nani.